Kengele ikilia, nani ataitikia?

Chombo tunachotaka kukizungumza leo ni kidogo. Hutoshea ndani ya kasha la viatu na nafasi ikabaki. Mna ndani yake kadi ya simu isiyo tofauti na ile iliyomo mifukoni mwetu, betri moja, na nyaya chache zinazotoka nje kwenda kwenye pampu ya kisima, kwenye tangi la maji, kwenye transfoma au kwenye jokofu la chanjo. Kazi yake ni kusikiliza na kupeleka habari. Pampu ikisimama, maji ya tangi yakishuka chini ya alama, mlango wa kituo ukifunguliwa usiku wa manane, au joto la jokofu likipanda juu ya nyuzi 8 ambazo chanjo nyingi hazitakiwi kuzivuka, chombo hiki hupeleka ujumbe kwenye simu ya fundi na kuwasha taa nyekundu katika ofisi iliyo mbali. Umeme ukikatika, betri hukiwezesha kusema neno moja la mwisho kabla ya kunyamaza. Hakihitaji kuvutiwa waya wa simu wala kujengewa mnara wake peke yake, kwani hutumia mitandao ileile ya simu za mikononi wanayoitumia wavuvi na wachuuzi wetu. Kwa sababu hiyo kimeenea duniani katika lifti, katika matangi ya mafuta, katika mitambo ya maji machafu na katika ving'ora vya kuzuia wezi.

Wenye kuuza vyombo hivi huja na vitabu vyenye picha za rangi na huahidi mengi. Sisi hatuvipingi, kinyume chake, twaamini kwamba nchi ya visiwa ina haja navyo kuliko nchi nyingine. Lakini ipo hoja moja tunayotaka wakubwa wetu waisikie kabla kalamu haijagusa mkataba, nayo ni kwamba kengele ni nusu ya kazi tu, tena ile nusu iliyo rahisi.

Tuanze na haja yenyewe. Bara, fundi akiitwa hupanda gari. Kwetu sisi, mara nyingi baina ya fundi na pampu mna bahari. Mtu wa Tumbatu hungojea chombo cha kuvuka kutoka Mkokotoni. Mtu wa Makoongwe huiona Mkoani kwa macho yake lakini hawezi kuifikia kwa miguu. Kojani nako ni hivyo hivyo. Maji yakiwa yamekupwa, au upepo umechafuka, safari ya mwendo mfupi huwa ya nusu siku. Na hata ndani ya Unguja na Pemba zenyewe viko vijiji ambavyo gari la ofisi haliendi isipokuwa kwa sababu kubwa.

Sasa na tujiulize habari ya pampu iliyoungua husafiri vipi. Mjumbe wake wa kwanza ni mama mwenye ndoo. Huukuta mfereji mkavu alfajiri, akadhani ni mgao wa kawaida. Jirani yake naye akadhani vivyo hivyo. Siku ya pili wanaanza kuulizana. Siku ya tatu sheha anapiga simu, na huko alikopiga anaambiwa kwamba mhusika ametoka, habari atafikishiwa. Kufika hapo watoto wamekwisha kukosa vipindi vya skuli kwa kwenda kuteka maji, na kile kisima cha zamani cha kamba na ndoo, kilichoachwa kwa kuwa maji yake si salama, kimerudiwa. Visiwa hivi vinakijua kipindupindu, na hatuna haja ya kueleza zaidi.

Watakuwapo wa kutukumbusha kwamba Zanzibar imepitia makubwa kuliko pampu moja ya kijiji. Ni kweli. Kwa muda wa karibu mwezi mmoja, kutoka Mei hadi Juni 2008, na tena kwa miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja haikupata umeme wa kutoka bara baada ya njia ya waya wa chini ya bahari kuharibika. Visima vilivyotegemea umeme vikasimama, ndoo ya maji ikawa bidhaa, na mji ukanguruma kwa jenereta za wale wenye uwezo. Baada ya hapo Pemba ikaunganishwa na gridi kwa waya wa kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100 mwaka 2013. Hayo yalikuwa mambo makubwa na ya kushukuriwa. Lakini msiba ule haukuhitaji kengele. Giza lilijitangaza lenyewe, na kila mwenye madaraka alilala ndani yake. Tunalolisema sisi leo ni la misiba midogo isiyoandikwa magazetini: pampu moja, transfoma moja, jokofu moja la kituo cha afya kilicho mwisho wa njia. Hiyo haina sauti, na kwa kuwa haina sauti, hupangiwa fedha mwisho wa wote.

Uko msiba mwingine ulio kimya zaidi, nao ni chumvi. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, na maji matamu tunayoyanywa yamekaa chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyokaa juu ya maji ndani ya karai. Ukivuta kwa kiasi, utayapata matamu mwaka hata mwaka. Ukivuta kupita kiasi, ya chini hupanda, na kisima kilichoingia chumvi hakiponi upesi. Chumvi hii haiji kwa kishindo. Huingia kidogo kidogo, na ulimi wa mwanadamu huizoea. Lakini kipimo kinachoshushwa kisimani, chenye kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, huiona mapema kuliko ulimi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji matamu. Kipimo hicho kikiunganishwa na chombo chetu, mhandisi aliyeko mjini anaweza kuamuru pampu ipunguzwe saa zake kabla kisima hakijaharibika. Kama tungetakiwa kutaja pahala pamoja pa kuanzia, sisi tungesema hapa: katika visima vilivyo karibu na pwani na karibu na mahoteli, ambako maji huvutwa mengi na watu wa kijiji hawana njia ya kujua ni kiasi gani.

Hatusemi haya kwa nadharia. Jirani zetu wamekwisha kujaribu. Huko Kyuso, katika Kitui ya Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga mwaka 2013 vidude vya simu ndani ya mikono ya bomba za kijijini. Kidude kilihesabu mkono ulivyopanda na kushuka, kisha kikapeleka hesabu kwa ujumbe mfupi. Mkono usipopanda wala kushuka, bomba imekufa, na fundi hutoka. Kabla ya hapo bomba iliyoharibika ilikaa kwa wastani wa siku 27. Baada ya hapo zikawa chini ya siku 3. Kazi hiyo ilizaa kampuni ya mafundi iitwayo FundiFix, ambayo iliingia hadi Kwale, kwa ndugu zetu wa pwani.

Lakini funzo kubwa zaidi limetoka Rwanda, na twaomba maofisa wetu walisome kwa makini, kwani ndilo linalobeba hoja yetu. Mwaka 2014 vilifungwa vyombo vya namna hii katika bomba 181 za vijijini. Bomba zote zilikuwa na vyombo, zote zilipeleka habari. Lakini ziligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza liliachwa na utaratibu wa matengenezo uliozoeleka. Fungu la pili lilipewa mafundi wa kuzunguka kwa ratiba. Katika fungu la tatu peke yake ndimo habari za vyombo zilimofikishwa kwa mafundi, nao wakatakiwa watoke kama gari la wagonjwa linavyotoka. Matokeo yakawa hivi: katika fungu la kwanza ukarabati ulichukua kiasi cha siku 152, katika la pili siku 57, katika la tatu siku 21. Bomba zilizokuwa zikitoa maji zilikuwa asilimia 68, asilimia 73 na asilimia 91. Na gharama ya kila bomba inayofanya kazi kwa mwaka, kwa makadirio yao, ilikaribiana katika mafungu yote matatu.

Na tuitafakari hesabu hii. Katika fungu la kwanza kengele ililia kwa miezi mitano na maji hayakutoka, maana hakuna aliyekuwa ameagizwa kuisikiliza. Chombo kilikuwa kilekile, kadi ya simu ileile, nchi ileile. Kilichotofautiana ni mtu na amri aliyopewa.

Wazee wetu waliijua habari hii kabla ya simu. Mbiu ya mgambo haikuwa na nguvu kwa sababu ya pembe, bali kwa sababu kila mtu katika mtaa alijua kwamba ikilia atoke, na asiyetoka angeulizwa. Serikali ikinunua pembe mia moja ikazigawa kwa watu wasioambiwa watoke lini, imenunua kelele.

Basi twataka katika kila mkataba wa vyombo hivi iandikwe, katika karatasi ileile iliyotaja bei, nani ataitikia. Jina la cheo chake, si la idara yake. Maana idara haiamki usiku. Liandikwe na jina la yule atakayeamshwa iwapo wa kwanza hakujibu ndani ya muda uliowekwa. Itajwe pampu ya akiba iko ghala gani, na nani ana ufunguo. Itajwe mashua, na mafuta ya mashua. Na fundi wa Pemba apewe ruhusa ya kutoa kifaa cha akiba kwa saini ya Afisa Mdhamini kisiwani kwake, bila ya kungojea barua ivuke kwenda Unguja na kurudi. Tukikosa hayo, chombo kitampa fundi habari ya pampu iliyokufa saa nane za usiku, naye ataamka, ataisoma, atasikitika, na atalala tena, kwa sababu hana kifaa, hana chombo cha kuvukia, wala hana amri.

Pana jambo jingine ambalo wauzaji hawapendi kulirefusha, nalo ni ukimya. Chombo kizima kisicho na habari mbaya hukaa kimya. Chombo kilichokufa nacho hukaa kimya. Mtu aliyeko ofisini atavipambanua vipi? Uingereza ililipa bei ya swali hili mwaka 2005, pale Buncefield, kaskazini ya London. Kipimo cha tangi la petroli kiliganda. Kikaendelea kuonyesha kiasi kilekile huku petroli ikiendelea kuingizwa, na swichi ya tahadhari iliyowekwa kuwa kinga ya mwisho nayo haikufanya kazi. Walioko zamu waliona namba iliyotulia na hawakushtuka. Alfajiri ya tarehe 11 Disemba petroli ikafurika, mvuke wake ukashika moto, na zaidi ya watu 40 wakajeruhiwa. Ya kule yalipitia nyaya, yetu yatapitia hewani, lakini kosa ni moja. Dawa yake inajulikana wala haina gharama kubwa: kila chombo kitakiwe kupeleka salamu kila siku kwa saa iliyowekwa, kikisema tu kwamba kipo hai, na salamu ikikosekana ihesabiwe kuwa ni kengele sawa na pampu kusimama. Aidha, mara moja kwa robo mwaka mtu aende akaizime pampu kwa makusudi, aone kama simu italia. Tunajua kazi hii ni ya kuchosha na haina picha ya kupigwa. Ifanywe.

Na kama ukimya ni hatari, kelele nazo ni hatari. Katika kiwanda cha mafuta cha Milford Haven, huko huko Uingereza, mlipuko wa Julai 1994 ulitanguliwa na dakika 11 ambamo watu wawili wa zamu walitakiwa wazitambue na kuzishughulikia kengele 275. Hapana binadamu awezaye. Mwenye kufunga vyombo asipewe sifa kwa wingi wa mambo anayoyapima. Kisima kimoja kikipeleka ujumbe arobaini kwa siku, fundi atakizoea kama tunavyozoea mlio wa kunguru, na siku ya msiba ujumbe wa arobaini na moja hatausoma. Kila kengele iwe na kitendo chake. Isiyo na kitendo iandikwe katika daftari tu, isimwamshe mtu.

Tugusie fedha kwa ufupi. Miradi mingi kwetu hufunguliwa kwa utepe na hufa kwa ankara. Kadi ya simu hulipiwa kila mwezi, betri huchakaa kwa joto na chumvi ya pwani, na mfadhili huondoka. Mwaka wa nne ndio wa kuulizwa, si wa kwanza. Zaidi ya hapo, mitandao yenyewe huzeeka na kufungwa. Marekani, kampuni ya AT&T iliuzima mtandao wake wa kizazi cha pili mwanzoni mwa 2017 na wa kizazi cha tatu Februari 2022; Australia, Telstra ilifunga kizazi cha tatu Oktoba 2024. Vyombo vya tahadhari vilivyokuwa havijabadilishwa viliachwa ukutani vikiwa havina wa kumwambia neno. Muuzaji anayetaka kutushushia bei aulizwe chombo chake kinazungumza kwa kizazi gani, maana bidhaa iliyokataliwa kwao huweza kuwa rahisi sana kwetu.

Iko pia hatari ya mkono mbaya. Chombo cha kusikiliza tu ni kitu kimoja; chombo kinachoweza kuamriwa kutoka mbali kifungue na kizime pampu ni kitu kingine. Katika Maroochy, Australia, mwaka 2000, mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyofunga mitambo ya maji machafu aliitia mitambo ile amri za uongo kwa redio, na kiasi cha lita 800,000 za uchafu zikamwagika katika bustani na mito. Ushauri wetu ni kwamba tuanze na masikio, na mikono ingoje mpaka tuwe na watu wetu wenyewe, waliosomeshwa, wanaoshika nywila na wanaozibadilisha kila mfanyakazi anapoondoka.

Hapa tumefika penye kiini, na twaomba radhi kama tutawakera baadhi ya wenye ofisi. Faida kubwa ya vyombo hivi kwa mwananchi ni kwamba vinaandika saa. Pampu ilisimama saa 9:40 usiku. Ujumbe ulipokelewa dakika hiyohiyo. Fundi alifika siku ya nne. Kwa muda mrefu jibu la "hatukupata taarifa" limekuwa ngao ya kila mzembe, na mara nyingine limekuwa kweli, kwa sababu taarifa hasa zilipotea njiani. Chombo kinamsafisha mkweli na kumvua ngao mzembe. Twashuku kwamba baadhi ya uvivu wa kuvitumia vyombo hivi, popote vilipo duniani, hautokani na uchache wa fedha, bali unatokana na kuiogopa saa ile iliyoandikwa.

Kwa hivyo daftari la kengele lisifungiwe. Kila mwezi sheha apewe karatasi moja yenye habari za kisima cha shehia yake: kilisimama mara ngapi, kwa saa ngapi, nani aliitikia, baada ya muda gani. Ibandikwe ubaoni, pale watu wanapopita. Wawakilishi wetu nao waletewe jumla yake Barazani pamoja na makadirio ya wizara, ili fedha ziombwe kwa hesabu na zikataliwe au zikubaliwe kwa hesabu. Mwananchi anayelipia maji anayo haki ya kujua hivyo, sawasawa na anavyojua kiasi cha ankara yake.

Tumesikia pia hofu ya walinzi wa visima, kwamba chombo kitakuja kuwatoa kazini. Hofu hiyo isidharauliwe, lakini wala haina msingi kama mambo yataendeshwa kwa busara. Chombo husema pampu imesimama. Hakisemi kwamba nyuki wamejenga ndani ya sanduku la swichi, au kwamba bomba limepasuliwa na mizizi ya mkungu. Mlinzi anayekaa hapo anajua, na akifundishwa kazi ndogo ndogo, kurudisha swichi, kubadilisha fyuzi, kusafisha kifuniko cha betri, atamaliza kengele nyingi kabla fundi hajatafuta viatu vyake. Yeye ndiye awe wa kwanza kupokea ujumbe, na apewe simu na posho ya kufanya hivyo.

Wakati wa makadirio ya fedha unapowadia, mafungu hupangwa kwa vitu: pampu kadhaa, mabomba kadhaa, magari kadhaa. Tungependa kuona safari hii, chini ya fungu la vyombo vya tahadhari, mistari mingine midogo isiyo na fahari: malipo ya kadi za simu kwa miaka mitano, pampu za akiba mbili Unguja na mbili Pemba, zamu ya usiku, na mafuta ya mashua ya kuvukia Kojani, Makoongwe na Tumbatu. Wizara itakayoleta maombi ya vyombo bila ya mistari hiyo, Wawakilishi wamrejeshee Waziri karatasi yake, akaijaze kwanza.